Jicho kwenye Sinia

Jumatatu, 9 Julai 2007

Ukungu mzito leo. Mikorosho ya jirani Harithi haikuonekana kabisa — nilijua ipo kwa mngurumo wa pampu tu. Anapuliza salfa, maua yasiliwe na ugonjwa wa ubwiri. Baadaye ukungu upande ule ukageuka wa njano, ukawa unatembea kuja kwangu taratibu, kama mgeni asiye na haraka. Nilisimama mlangoni na bakuli la uji mpaka uji ukapoa. Sijui nilikuwa nawaza nini. Pengine sikuwaza.

Halafu mjukuu wangu Hajira karudi shule na mkasi wangu! Mkasi wa kukatia ukindu, nautafuta tangu jana, nimewasingizia wapita njia wote. Nimemgombeza mpaka kuku wakakimbia. Kumbe wana mwalimu mpya, yuko kwenye mazoezi ya kufundisha, katoka chuoni Nachingwea. Anaitwa Catherine, kwao Mnero. Kawaambia waje na mkasi na kitu chembamba kirefu. Wakate nusu. Nusu moja watupe, nyingine wakate tena nusu. Na tena. Na tena. Hajira kakata ukindu wangu — ule mwekundu, niliouchemsha rangi mwenyewe! — mpaka ikabaki punje inayokataa kushikika. Mwalimu kasema, sasa wekeni mikasi chini, endeleeni kukata kwa mawazo. Mpaka mfike kwenye vidogo ambavyo jicho halijawahi kuviona. Elimu ya huko inaitwa nano.

Nikamwambia, elimu ya kuharibu mkeka wa watu.

Lakini jioni nzima nimekuwa nakata. Nilikata ugali kwa mawazo. Nikakata moshi wa jiko. Nikakata ukungu wa asubuhi, nusu, nusu, nusu, na bado ulikuwepo.

Mimi shule sikuiona. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, wakati wa vijiji vya ujamaa, Saadi akiwa mgongoni ananivuta nywele. Sasa Saadi yuko kazini Lindi, mwanawe kaniachia mimi. Naandika ili mdomo upumzike. Hajira anasema mdomo wangu unahitaji likizo.

Jumatano, 11 Julai

Hajira kanivuta mpaka bondeni kwenye magimbi yangu. Bibi njoo uone, Bibi njoo uone! Kamwaga maji juu ya jani. Maji yakakataa kulala. Yakajikunja yakawa shanga, yakakimbia huku na huku, yakabeba vumbi lote, yakadondoka. Jani kavu! Safi! Kasema mwalimu kawaambia jani lina vinundu, vidogo kuliko vumbi, tone linasimama juu ya ncha zake kama mtu anayeogopa kukanyaga miiba.

Maisha yangu yote nalima magimbi haya. Nimeyang'oa, nimeyamenya, majani yake nimejitwisha kichwani mvua ikinyesha. Sikuwahi kusimama nikalitazama jani likijifuta uso.

Tulikaa pale mpaka miguu ikazama kwenye tope. Tone moja lilikuwa na jua ndani yake. Nikalisukuma kwa kidole, jua likahama nalo.

Alhamisi, 12 Julai

Nimeota niko mdogo kuliko punje ya ufuta, natembea juu ya lile jani. Vinundu vyake vilima. Matone makubwa kama nyumba, kila nyumba na jua lake. Nagonga hodi, nyumba inaviringika inaondoka. Sikuogopa. Nilikuwa na viatu.

Jumamosi, 14 Julai

Tumekung'uta ufuta leo, mimi na Mama Ignasi. Teodosia ndilo jina lake, lakini hakuna anayemwita hivyo zaidi ya padri. Watu wake walivuka kutoka Msumbiji wakati wa vita, akajenga ubavuni kwangu. Yeye anasali Jumapili, mimi Ijumaa, kinu chetu kimoja.

Kaniambia, Mama Saadi, unapiga huo ufuta kama mtoto wa mke mwenzio!

Nikamwambia, na wewe kung'uta mdomo wako, pengine zitaanguka punje mbili tukapata kilo.

Tukacheka mpaka turubai likatoka mikononi. Halafu kageuka, akatazama barabarani. Najua kwa nini. Ignasi wake, mtoto pekee, kaondoka kabla ya mvua kwenda kuchimba mawe ya vito huko huko Msumbiji. Tangu hapo kimya. Si barua, si salamu, si mtu wa kusema nilimwona. Kila Jumamosi Mama Ignasi anachemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, maana Ignasi anaipenda, na kila Jumamosi inaliwa na watoto wa watu. Leo pia. Nimekula mmoja. Mtamu.

Jumatatu, 16 Julai

Leo nimeona kitu.

Hajira kaomba sinia, lile kubwa la pilau. Nikasema la nini? La shule. Kalisugua kwa majivu, kalisuuza, kalisuuza tena. Kasema mwalimu hataki hata kidole chenye mafuta kiguse maji, mafuta kidogo tu yanaharibu yote. Kalijaza maji, kaliweka uani, kasubiri yatulie. Halafu kachukua salfa kidogo kwa Harithi, kainyunyiza juu. Salfa haikuzama! Ilielea, ngozi ya njano, laini kama uso wa uji.

Kisha kachovya ncha ya njiti ya ufagio kwenye mafuta yangu ya ufuta. Kagusa katikati. Kagusa tu!

Salfa ikakimbia. Pande zote kwa pamoja, kama watu wanaompisha mkubwa. Katikati pakafunguka duara safi, jeusi, linang'aa. Jicho. Nikainama, nikajiona ndani yake mimi na kilemba changu na mbingu yote nyuma.

Hajira anasema tone limejitandaza mpaka limeishiwa, sasa unene wake ni chembe moja tu, hakuna wembamba zaidi ya hapo. Ukubwa wa duara unakupa udogo wa chembe. Nikamuuliza, yaani mnapima kisichoonekana kwa sinia langu la pilau? Kasema ndiyo Bibi. Kwa sauti ya mtu mzima! Nikataka kumkumbatia, nikamwambia akachote maji.

Nilipogeuka, Mama Ignasi alikuwa nyuma yetu. Kaja kufuata ungo wake. Kalitazama sinia muda mrefu. Kaondoka bila ungo.

Alhamisi, 19 Julai

Mama Ignasi anaimba! Tangu alfajiri. Kachota udongo mweupe, anasiriba ukuta wa mbele. Nikamwita, kuna harusi? Kacheka tu, meno yote nje.

Nikafurahi. Nikaingia ndani nikamkuta Hajira amejifunika kanga gubigubi, jua liko juu. Nikamshika paji la uso. Hana homa. Nikasema, sema.

Kasema.

Juzi nilipokwenda mashineni kusaga, Mama Ignasi kaja. Kaleta mafuta yake kwenye kijiko. Kamwomba Hajira aweke sinia, anyunyize, aguse. Halafu kamwambia: mwanangu, tazama humo, Ignasi wangu yuko wapi?

Lahaula. Ilikuwaje sikuliona hili! Kila mtu wa huku anajua mganga anatazamaje. Maji yaliyotulia. Unga juu yake. Na mtoto ambaye hajajua uongo — yeye ndiye anayeinamishwa atazame, mkubwa anauliza tu. Mimi mwenyewe nililetwa mbele ya chungu cha namna hiyo nikiwa na meno ya utoto, mbuzi wa mjomba kapotea. Sikuona mbuzi. Niliona pua yangu. Nikasema pua, nikafukuzwa.

Hajira hakusema pua. Hajira kasema: anakuja.

Nikainua mkono. Kasema, Bibi, alikuwa analia bila sauti. Machozi yalikuwa karibu kudondokea kwenye maji, nikataka anyamaze.

Mkono nikaushusha. Nikakaa naye ndani ya kanga. Nje Mama Ignasi anaimba nyimbo za kanisani, sauti inapanda, inapanda.

Ijumaa, 20 Julai

Wameanza kuja! Harithi kaja kuuliza mbuzi wake. Nikamwambia mbuzi wako kaliwa na wajomba zako, nenda. Mwamina wa kisimani kaja kuuliza mumewe analala wapi akisema yuko shamba. Nikamwambia hilo halihitaji sinia, kijiji kizima tunajua. Kaondoka ananitukana. Mmoja kaja na kuku mweupe wa shukrani kabisa, miguu imefungwa. Nikamfungua kuku nikamwacha akimbie, mwenyewe kamkimbilia.

Nacheka naandika, lakini si kicheko.

Jioni kaja Mwalimu Catherine. Msichana mwembamba, vumbi mpaka magotini, kajikongoja na baiskeli. Shikamoo Bibi. Nikampa maji. Kayatazama kabla ya kunywa, nadhani siku hizi kila maji anayatazama. Kasema wazazi wamelalamika anafundisha watoto ramli. Baadhi wamewatoa watoto shule. Mwalimu mkuu kasimamisha mambo yote ya masinia na majani mpaka mkutano wa wazazi, Alhamisi ijayo. Wakiamua vibaya anarudishwa chuoni, mazoezi hayajakamilika.

Nikasema, simameni muwaeleze ni mafuta tu!

Kasema nimeeleza, Bibi. Wananiambia muulize Mama Ignasi. Anapita kila nyumba kunisifu. Anasema mwalimu huyu kanifungulia mwanangu.

Kutoka kwa Mama Ignasi tukasikia ufagio. Anafagia njia ya kuingilia kwake, mpaka barabarani.

Mwalimu kasema, mimi siwezi kumwambia, Bibi. Simjui vya kutosha.

Yaani anayemjua ndiye amvunje. Nikamfungia ufuta kwenye karatasi aende nao.

Jumapili, 22 Julai

Nimekwenda. Sikusema.

Nilimkuta katoka kanisani, kanga mpya bado ina wanga, inachakarika akitembea. Kakitoa nje kitanda cha Ignasi. Kamba za zamani zimekatwa, mpya ziko begani. Kasema umekuja wakati wake, Mama Saadi! Shika hapa. Nikashika. Kavuta. Nikapitisha chini, yeye juu. Nilikuwa na maneno yangu mdomoni nimeyapanga tangu alfajiri. Akawa anasema Ignasi atakuwa amekonda, kitanda kibane vizuri, mtu mwembamba akilala kwenye kamba zilizolegea mgongo unauma. Vuta, Mama Saadi! Huna nguvu, mumeo alioa jina!

Nikavuta. Nimemsukia kitanda mtu ambaye sijui kama yuko hai. Tena nimekibana vizuri kuliko changu.

Niliporudi Hajira alikuwa uani anapuliza povu la sabuni kwa bua la jani la mpapai. Shule wamekatazwa, nyumbani hakuna aliyekataza. Povu likavimba, likaning'inia, rangi zikawa zinatelemka juu yake — zambarau, kijani, dhahabu — kama kanga inayooshwa mtoni. Halafu juu kabisa rangi zikaisha. Pakawa kama hakuna kitu.

Kasema, hapo Bibi, hapo ndipo ngozi yake nyembamba kuliko kote.

Nikangoja pamoja naye. Hata sikupumua. Mtu mzima mzima!

Jumatatu, 23 Julai

Nimeota Ignasi anakuja kwa njia iliyofagiwa. Kila akipiga hatua njia inabaki nusu. Nusu ya nusu. Hafiki. Lakini anatabasamu, na mfukoni mawe yanagongana.

Jumatano, 25 Julai

Kesho mkutano. Leo asubuhi nimemshika Hajira mkono nikamwambia twende. Kasema Bibi naogopa. Nikamwambia na mimi, tembea.

Niliwaza hivi: nisimwambie Mama Ignasi kwa maneno, maneno yangu ni ya shoka. Nimwonyeshe. Aguse mwenyewe, jicho lifunguke, aone ni tone la ufuta linatafuta pa kujinyoosha, basi. Nikabeba salfa na mafuta. Sinia nikasema tutatumia lake, asiseme langu lina dawa.

Kafurahi kutuona! Kadhani tumekuja kumtazamia tena, atafika lini, saa ngapi. Sinia lake lilikuwa jikoni, jana kapakulia maandazi ya kumpokea mtoto. Kalipangusa kwa kanga. Katia maji.

Mimi niliiona ile kanga. Niliiona ikipita. Na sikusema kitu, nilikuwa natafuta maneno mengine!

Hajira kanyunyiza salfa. Ikakusanyika mabonge mabonge, ikajibanza pembeni, mengine yakazama. Kagusa tone. Tone likakaa pale pale, mviringo, nene, halikwenda popote. Hakuna jicho.

Mama Ignasi kaliangalia. Kasema polepole, limefumba.

Nikasema hapana, Mama Ignasi.

Kasema, limefumba. Amekufa mwanangu.

Hajira kaanza kulia na kusema kwa mkupuo: si hivyo Mama Ignasi, sinia lina mafuta ya maandazi, mafuta yameshatanda tayari, tone jipya halina nafasi, lioshwe kwa majivu! Na siku ile sikuona mtu. Niliona uso wako na wangu. Nilisema anakuja kwa sababu ulikuwa unalia. Nilidanganya.

Mama Ignasi kamtazama mtoto. Hakupaza sauti. Kauliza, umedanganya lipi — lile la kuja, au hili la sinia?

Jamani. Nimezaa, nimezika, nimelima miaka yote hii, sijawahi kuulizwa swali likanikalisha chini. Nilikaa. Kwenye vumbi lake lililofagiwa.

Nikamwambia, Teodosia. Nikamwita hivyo. Nikamwambia, hatujui. Si mtoto, si mwalimu, si sinia. Hakuna anayejua Ignasi yuko wapi. Hilo ndilo nililokuja nalo Jumapili nikalifungia kwenye kamba za kitanda.

Kamwaga maji. Kaingia ndani. Kafunga mlango.

Sauti haikutoka. Nilitega sikio nje pale mpaka Hajira kanivuta kanga. Bora angenitukana! Matusi yake nayajua yote, ningeyajibu moja moja.

Alhamisi, 26 Julai

Kwake hakuna moshi. Nimeamka nikatazama, hakuna. Ukungu tu, umelala juu ya ukuta wake mweupe. Nimechukua kibuyu cha uji nikaweka mlangoni kwake. Sikubisha hodi. Mwalimu Catherine kapita na baiskeli, kauliza kwa macho, nikatikisa kichwa. Kaendelea. Mgongo wake kama wa mtoto.

Mkutano ni baada ya adhuhuri. Nimeoga. Nimevaa.

Sasa nasikia kitu kwake. Kwaru, kwaru, kwaru. Kinanyamaza. Maji yanamwagwa. Kwaru, kwaru tena. Hajira kanitazama. Tunasikiliza wote, ufuta uko nje unapigwa na jua, hakuna anayejali. Ukungu umeondoka, salfa ya Harithi imebaki juu ya majani, kila kitu kina kivuli cha njano. Ile sauti inaendelea. Anasugua kitu. Anasugua kama anataka kutokea upande wa pili.

Imenyamaza.

Anakuja! Kavaa kanga ya zamani. Kibuyu changu mkono mmoja, kitupu. Kichwani sinia. Limesuguliwa mpaka linaniumiza macho.

Nimemsalimu, kanipita. Kaliweka uani, hapo hapo pa siku ile. Katia maji kutoka mtungini kwangu bila kuomba. Watu wanaokwenda mkutanoni wamemwona, wameanza kusimama njiani. Harithi. Mwamina na mumewe. Kawatazama, kawaambia karibuni basi, mnachungulia nini, ingieni! Wanaingia mmoja mmoja, wanavua viatu kama msibani.

Hajira kamletea salfa. Kaipokea. Njiti ya ufagio kaichovya mwenyewe. Nilinyanyuka nimsaidie, kanisukuma kwa kiwiko, kaa, wewe una mikono ya mafuta. Nimekaa. Naandika mlangoni, daftari gotini, siwezi kushika kitu kingine.

Kaniuliza bila kugeuka, likifunguka nitaona nini?

Nikasema, uso wako.

Kayatazama maji. Halafu, na likifumba?

Nikasema, tutaosha tena.

Ameinama. Maji bado yanatikisika, anayasubiri.